Seli, Sahani ya Ugali na Mkono wa Mungu



Safari hii hatuanzi na somo la Misa wala maisha ya mtakatifu. Tunaanza na daftari la Baiolojia. Najua wengine mmeshashtuka: "Jamani, hata huku mnatuletea mitihani?" Hapana, usiogope. Hakuna maksi hapa. Ila kuna mambo mawili tuliyofundishwa darasani, seli Kidato cha Kwanza na lishe Kidato cha Pili, ambayo kwa kweli yamebadilisha namna ninavyosali, ninavyokula na ninavyofunga. Nimeona nisikae nayo peke yangu.

Kuna swali ambalo sisi wana TYCS tunaulizwa sana na wenzetu bwenini: "Ukishajua kwamba mwili ni seli tu, na nguvu zinatoka kwenye wanga tu, Mungu anabaki na kazi gani?" Swali hilo si la kulicheka. Kuna vijana wanaoingia sekondari wakiwa watumishi wa altare, wanatoka wakidhani imani ni ya wasiosoma. Na kuna wengine wanaokimbilia upande wa pili: kila kitu wanakiita cha kiroho, hata kile ambacho uji na vidonge vingekimaliza. Njia zote mbili zinaumiza watu. Ndiyo maana nataka tutembee polepole.

1. Chumba kidogo cha mtawa

Siku ya kwanza ya darubini, mwalimu alitoa kitunguu. Alichuna ngozi nyembamba kabisa ya ndani, akaitandaza juu ya kioo, akaitonea tone la iodini. Tulipanga foleni ndefu, maana darubini ilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi. Ukifika zamu yako unaona nini? Unaona vyumba. Vimepangwa kama matofali ya ukuta, kila kimoja kina mpaka wake, na ndani yake kuna kidoa kilichokolea rangi. Mpaka ule ni ukuta wa seli. Kidoa kile ni kiini.

Mtu wa kwanza kuviita vyumba hivyo "seli" alikuwa Mwingereza Robert Hooke, mwaka 1665, alipotazama kipande cha gome la mti linalotengenezewa vizibo. Neno lenyewe limetokana na Kilatini, *cella*, yaani chumba kidogo. Na sisi Wakatoliki neno hilo tunalo siku nyingi, kwa sababu ndilo linalotumika kwa chumba cha mtawa katika monasteri: chumba chenye kitanda, meza, msalaba ukutani, na mtu anayefanya kazi yake kimyakimya bila kuonekana na watu.

Nililipenda sana jambo hilo. Ndani ya seli kuna kazi zinaendelea muda wote. Kiini kinatunza maelekezo ya kurithi. Mitokondria zinageuza chakula kuwa nishati. Utando wa seli unakaa mlangoni kuchagua kinachoingia na kinachotoka. Katika mwili wa mtu mzima kuna seli zaidi ya trilioni 30. Wakati unasoma sentensi hii, uboho wa mifupa yako unatengeneza seli nyekundu za damu kama milioni 2 kila sekunde. Hukuziomba. Huzisimamii. Hata ukilala, zinaendelea.

Mtunzi wa Zaburi ya 139 hakuwahi kuona darubini, lakini alimshukuru Mungu kwa jinsi alivyoumbwa kwa namna ya kustaajabisha tumboni mwa mama yake. Sisi tulioiona ile ngozi ya kitunguu tuna sababu zaidi ya kushukuru, si sababu pungufu. Ukimwuliza fundi jinsi nyumba ilivyojengwa, akakueleza saruji, mchanga na nondo, hajakuambia kwamba nyumba haina mwenyewe. Amekuonyesha tu kwamba mwenye nyumba alitumia saruji, mchanga na nondo. Sayansi inatueleza kazi inavyofanyika. Imani inatueleza ni ya nani na ni kwa ajili ya nini.

2. Walioamini na kuchunguza

Hapa nataka niwataje watu wawili, ili ukiulizwa bwenini usibaki umeduwaa.

Wa kwanza ni padre. Anaitwa Lazzaro Spallanzani, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1729 na kufariki mwaka 1799. Wakati wake watu walibishana: je, tumbo linasaga chakula kama kinu, au kuna kitu kinachokiyeyusha? Padre huyu alifanya nini? Alimeza mifuko midogo ya kitani yenye chakula ndani yake, akasubiri itoke, kisha akaichunguza. Mfuko ulitoka mzima lakini chakula kilichokuwa ndani kilikuwa kimeyeyuka. Kwa hiyo haikuwa kusagwa peke yake. Kuna majimaji ya tumboni yanayofanya kazi. Yaani padre aligeuza tumbo lake kuwa maabara!

Wa pili ni Theodor Schwann, Mjerumani na Mkatoliki mwenye ibada. Mwaka 1836 aligundua pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini. Mwaka 1839 alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba wanyama nao wamejengwa kwa seli kama mimea. Mwaka huohuo alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji. Ona sasa: mada zetu mbili, seli na lishe, zimekutana kwa mtu mmoja aliyepiga goti kanisani.

Siwataji ili kusema kwamba kila mwanasayansi lazima awe Mkatoliki. Wapo wengi wazuri wasioamini, na tunajifunza kwao kwa heshima. Nawataja ili usidanganywe kwamba lazima uchague kati ya rozari na darubini.

3. Ulianza ukiwa seli moja

Hii mada darasani huwa inaleta vicheko, lakini tuwe watulivu kidogo. Kila mmoja wetu alianza akiwa seli moja. Yai la mama lenye kromosomu 23 lilikutana na mbegu ya baba yenye kromosomu 23, zikawa 46, na hiyo seli moja inaitwa zaigoti. Rangi ya macho yako, kundi lako la damu, kama ungezaliwa wa kiume au wa kike, vyote vilikuwa vimeshaandikwa mle. Kisha seli ikagawanyika ikawa mbili, nne, nane, mpaka ukawa wewe unayeshika simu sasa hivi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2270, inafundisha kwamba uhai wa mwanadamu uheshimiwe na kulindwa tangu kutungwa mimba. Zamani niliona hilo ni amri tu kutoka juu. Baada ya somo la seli nikaona linaendana na nilichokiandika mwenyewe kwenye daftari: hakuna siku ambayo unaweza kuinyoshea kidole na kusema, "Hapa ndipo nilipoanza," isipokuwa ile ya kwanza.

Na kama wewe unayesoma, au rafiki yako, amepitia jeraha la kutoa mimba, usiifunge tafakari hii. Mlango wa kitubio uko wazi, na mapadre wetu wamewekwa kwa ajili ya kuponya. Nenda, usiende mbali.

4. Viungo vingi, mwili mmoja

Seli zote za mwili wako zilitoka kwenye ile moja, lakini hazifanani. Seli nyekundu ya damu imeachia hata kiini chake ili ipate nafasi zaidi ya kubeba oksijeni. Inaishi siku kama 120 kisha inavunjwa na madini yake ya chuma yanatumika upya. Seli ya neva inaweza kuwa na mkia unaotoka uti wa mgongo mpaka kwenye mguu. Seli za utando wa utumbo mdogo zinaishi siku chache tu, kisha zinaachia nafasi mpya. Hakuna seli inayoishi kwa ajili yake peke yake.

Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, analieleza Kanisa hivyohivyo: jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao. Kwenye parokia zetu tunayaona. Kuna anayeimba kwaya na anajulikana na kila mtu. Kuna anayefagia kanisa Jumamosi jioni, na hakuna anayejua jina lake. Kuna bibi wa Jumuiya Ndogo Ndogo anayesali rozari kwa ajili ya vijana ambao hata hawamsalimii. Nani kati yao ni wa muhimu zaidi? Iulize seli ya utumbo iliyoishi siku nne.

Mtakatifu Carlo Acutis, kijana mwenzetu wa mtandaoni, alifariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15. Aliugua lukemia, saratani ya seli za damu. Alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Nikikumbuka kwamba ndani ya mwili ule mgonjwa kulikuwa na utakatifu mkubwa namna ile, naelewa kwamba afya ya seli ni zawadi ya kutunzwa, lakini siyo kipimo cha thamani ya mtu. Aliyelazwa wodini si nusu mtu.

5. Nguvu inatoka wapi?

Twende kwenye lishe. Jaribio ninalolipenda ni la jani. Unachukua jani lililokaa juani, unalichemsha, unaliweka kwenye spiriti ya moto (spiriti inapashwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe!) mpaka rangi ya kijani itoke. Kisha unalitonea iodini. Linageuka bluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Maana yake jani lina wanga. Limetumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula, na limetoa oksijeni. Hiyo ndiyo usanisinuru.

Sasa fuatilia safari. Jua linaangaza shamba la mahindi kule Rukwa au Iringa. Jani linashika nishati ile na kuiweka akiba kama wanga kwenye punje. Punje inasagwa, unga unakuwa ugali, ugali unaingia kinywani, mate yanaanza kuvunja wanga kuwa sukari. Kwenye utumbo mdogo unavunjwa mpaka kuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye damu, damu inaifikisha kwenye seli, na mitokondria zinaifungua kwa msaada wa oksijeni. Ule mwanga wa jua sasa unanyanyua mkono wako kufanya ishara ya msalaba.

Kwa hiyo tunaposali kabla ya kula, hatusemi maneno ya mazoea. Tunashukuru kwa jua, mvua, mkulima, aliyesaga, aliyepika, na kwa seli zinazosubiri.

Mwalimu alitufundisha pia kuacha kudharau chakula cha shule. Sisi tukiona ugali na maharage, au makande, tunaguna: "Leo tena?" Lakini sikiliza. Protini zimejengwa na asidi amino, na mwili una zile usizoweza kuzitengeneza wenyewe. Mahindi yana upungufu wa moja iitwayo laisini. Maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, mahindi yanayo. Vikikutana kwenye sahani moja vinakamilishana. Bibi zetu waliopika makande hawakusoma asidi amino, lakini waliipata hekima hiyo.

Pale kinachokosekana ndipo magonjwa yanapoingia. Ukikosa vitamini C, kiseyeye, fizi zinatoka damu. Mtoto akikosa vitamini D, matege. Ukikosa madini joto, rovu shingoni, ndiyo maana tunahimizwa kununua chumvi iliyoongezwa madini joto. Mtoto anayelishwa uji wa unga mtupu bila protini ya kutosha anaweza kupata kwashakoo: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, anakosa furaha. Jina hilo lilitoka kwa Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams aliyeuandika ugonjwa huo mwaka 1933 alieleza kwamba kwao ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Soma tena hapo. Ni ugonjwa wa aliyepoteza nafasi mezani. Hilo si suala la Baiolojia peke yake, ni suala la haki na upendo. Papa Fransisko mwaka 2013 alifundisha kwamba chakula kinachotupwa ni kama kimeibwa kwenye meza ya maskini. Ukimwaga nusu sahani kwa sababu haikupendezi, kumbuka hilo.

6. Aliyeanguka wakati wa Kwaresima

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, hasa dada zangu.

Kwaresima moja, mwenzetu bwenini aliamua kufunga. Hakumwambia mtu. Asubuhi anasema ameshiba, mchana anagawa maharage yake, jioni anakunywa chai ya rangi tu. Tulimsifu moyoni, tukadhani ni mtu wa sala kuliko sisi. Wiki ya tatu, tukiwa mstarini asubuhi, akaanguka. Midomo imepauka, mikono ya baridi.

Unajua shule za wasichana. Ndani ya dakika moja neno likasambaa: "Mapepo!" Wengine wakaanza kukemea kwa sauti, wengine wakalia, na mmoja naye akaanza kutetemeka kwa hofu. Akaja Sista mlezi wetu. Hakupaza sauti. Alitusogeza ili hewa ipite, akamlaza yule mwenzetu na kumwinulia miguu, akatuma mtu jikoni. Alipopata fahamu vizuri akanyweshwa uji wenye sukari, taratibu, kisha akapelekwa zahanati. Walipompima damu ikaonekana imepungua sana. Alikuwa kwenye siku zake za hedhi, alikuwa hali chakula, na hata maharage yenye madini ya chuma alikuwa akiyagawa.

Jioni Sista alitukusanya, akatukumbusha binti wa Yairo katika sura ya 5 ya Injili ya Marko. Yesu amemfufua msichana wa miaka 12. Nyumba nzima imeshangaa. Na jambo analoagiza baada ya muujiza ni lipi? Wasimtangaze kwa watu, na wampe mtoto chakula. Bwana aliyeshinda mauti alikumbuka kwamba binti ana njaa. Akatukumbusha na nabii Eliya, Wafalme wa Kwanza sura ya 19, aliyekata tamaa jangwani hadi akaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimwekea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, maana safari ilikuwa ndefu.

Baiolojia inaeleza kilichotokea. Oksijeni hubebwa na himoglobini ndani ya seli nyekundu, na himoglobini haitengenezwi bila madini ya chuma. Msichana anayepata hedhi hupoteza chuma kila mwezi, kwa hiyo anakihitaji zaidi. Chuma kikikosekana seli zinakosa oksijeni ya kutosha: unachoka, unasikia kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, somo haliingii. Na ile chai ya rangi pamoja na chakula inapunguza chuma ambacho mwili unaweza kufyonza; limau, chungwa au pera vinasaidia kukifyonza.

Na Kanisa linasemaje? Wengi hatujui, ndiyo maana tunajiongezea mizigo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1251 na ya 1252, iko wazi. Kufunga kunawabana waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60. Kuacha nyama kunawabana waliotimiza miaka 14. Siku za lazima za kufunga ni mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Na kufunga kwenyewe ni mlo mmoja kamili, pamoja na kidogo asubuhi na kidogo jioni. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawalazimiki. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 15 halazimiki kufunga hata Ijumaa Kuu. Anaacha nyama, na wazazi na mapadre wana wajibu wa kumfundisha maana ya kweli ya toba.

Je, kijana asijitoe sadaka basi? Ajitoe! Acha soda, hela yake itie kwenye mfuko wa maskini. Acha simu saa moja usali. Acha kusengenya, hiyo haipunguzi damu hata kidogo. Isaya sura ya 58 inafundisha kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kumgawia mkate mwenye njaa na kufungua vifungo vya uonevu. Ukitaka kufunga zaidi, sema na padre au mlezi wako, na kama una tatizo la afya mwone mganga. Mfungo wa siri unaofichwa kwa kila mtu ni wa kuuangalia mara mbili, hasa kama chini yake kuna neno jingine: "Nataka nipungue." Dada yangu, na wewe kaka, kama umeanza kukichukia chakula na kuuchukia mwili wako, hiyo si Kwaresima. Ni maumivu, na yanahitaji msaada. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo.

Yule mwenzetu alipewa vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa ale mchicha, maharage na dagaa. Alirudi darasani. Pasaka tuliimba naye kwaya.

7. Chakula ambacho hatukigeuzi

Nimalizie na altare. Kila chakula tunachokula tunakigeuza kiwe sisi. Dagaa wa jana leo ni sehemu ya msuli wako. Lakini Mtakatifu Augustino aliona kwamba kwa Mungu mambo yanakwenda kinyume: chakula hiki ndicho kinachotugeuza sisi tuwe kama yeye.

Mwili wa Kristo unatujia katika maumbo ya mkate wa ngano na divai ya zabibu, vitu vilevile vya jua, udongo na mvua. Bwana hakuona aibu kupita njia ya kinywa na tumbo. Kanisa linatuomba tufunge saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa, na wagonjwa na wazee wameruhusiwa kutofunga. Saa moja tu. Ni muda wa mwili kusema pamoja na roho, "Nakusubiri." Kwa hiyo usije Misa ya saa nne ukiwa hujala tangu jana ukidhani ndivyo inavyotakiwa, halafu ukaanguka wakati wa mageuzo. Kunywa uji wako mapema, uje.

Ya kufanya wiki hii

- Kabla ya kila mlo, taja kimoyomoyo watu watatu waliofanya chakula hicho kikufikie, kisha fanya ishara ya msalaba bila haraka.
- Usitupe chakula. Kama hutaki chote, pakua kidogo.
- Mwangalie jirani yako mezani. Kuna anayeruka milo? Muulize kwa upole, usimseme mbele ya watu.
- Mtu akianguka shuleni: mpe hewa, mlaze, mwinulie miguu, ita mtu mzima. Usimnyweshe kitu mpaka awe na fahamu kamili. Asipozinduka upesi, apelekwe hospitali mara moja. Sali, ndiyo, huku msaada ukiwa njiani.

Maswali ya kutafakari, peke yako au na kikundi

1. Ni kazi gani ndogo, isiyoonekana, ambayo Mungu amenipa katika "mwili" wa shule yangu au parokia yangu?
2. Ninapofunga au kujinyima, ninamtafuta Mungu au ninatafuta sifa, au umbo?
3. Nani katika familia yangu amepoteza nafasi yake mezani, na ninaweza kufanya nini?

Tusali

Ee Mungu Baba, uliyenijua nikiwa seli moja tumboni mwa mama yangu, nakushukuru kwa mwili huu. Nisamehe ninapoudharau, na ninapodharau chakula ulichonipa. Uwaguse wenzangu wanaolala njaa, na wale wanaojitesa kwa njaa kwa siri. Nifundishe kufunga kunakofungua mikono yangu. Unilishe kwa mkate wa kila siku na kwa Mwili wa Mwanao, mpaka niwe chakula cha upendo kwa wengine. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, uliyemlisha Yesu, utuombee.
Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.

Wiki njema, na usisahau kula maharage yako. Milele na milele, Amina!